Sura Yake, Sura ya Sahibu Yake

Kaka yangu alifungwa mwishoni mwa miaka ya hamsini kwa sababu alimtoa mtoto wa Kizungu majini asizame. Nikisema hivyo watu hunitazama, wakingoja nieleze kilichotokea katikati. Katikati hapakutokea mengi.

Tulikaa Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, baba, mama, kaka na mimi. Baba alikuwa seremala. Mababu zake walifikishwa pale na meli ya Waingereza baada ya kutolewa utumwani, na watu wa Kisauni walituita wazalia, mara kwa upole, mara sivyo. Nyumba iliyopakana na yetu ilikuwa ya Waislamu, watu wa Mvita wa tangu na tangu. Kijana wao alikuwa rika la kaka. Walikua pamoja, wakala sahani moja, wakafundishana kupanda baiskeli ya kuazima. Kila mmoja alimwita mwenzake sahibu. Na mimi humu nitamwita yule wa jirani hivyo hivyo, sahibu.

Tofauti yao ilikuwa katika vyeti. Cha kaka kilisema Mwafrika. Baba yake sahibu alikuwa amehangaika miaka mingi serikalini ili yeye na watoto wake waandikwe Waarabu, na sahibu alikuwa na karatasi ya muda iliyosema hivyo, ile ya kudumu bado ikingojwa. Mwarabu alikuwa na mshahara wake, wodi yake hospitalini, shule yake, na hata gerezani chakula chake. Kwa sura hungewatenganisha. Kama kuna aliyekuwa mweusi zaidi, basi ni sahibu.

Walipata kazi pamoja katika klabu moja ya Wazungu kando ya bahari. Kaka alihudumia meza, amevaa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu kiunoni. Sahibu alitunza taulo katika kibanda kilichokuwa hatua chache kutoka bwawa la kuogelea. Kazi ya taulo hapewi Mwafrika. Kulikuwa na mstari wa matofali mekundu uliolizunguka bwawa lile, na Mwafrika hakutakiwa kuuvuka ila ameitwa.

Jumapili moja mchana kaka alirudi nyumbani kabla ya wakati wake. Kanzu ilikuwa imelowa, imemshika miguuni. Mama alikuwa ukumbini.

"Umefanyaje?" akamuuliza.

"Wamenifukuza kazi."

"Kwa nini?"

"Nimeingia majini."

"Vua hiyo kanzu," mama akasema, "usije ukashikwa na homa."

Alivua, akaianika, akakaa. Alituambia kwamba mtoto wa kike wa Kizungu alikuwa amezama upande wa kina kirefu huku wakubwa wakinywa vinywaji vyao, kwamba yeye aliweka trei chini, akaruka, akamtoa. Mtoto alitapika maji, akalia. Mama yake mtoto alipogeuka alimwona mwanawe mikononi mwa mtu mweusi, akapiga ukelele. Ndipo watu walipokuja mbio. Kaka alisimulia haya kama mtu anayetaja vitu alivyotumwa dukani. Kesho yake tulisikia kwamba bwawa limemwagwa maji yote na kusuguliwa. Kesho yake hiyo hiyo askari walikuja kumchukua.

Shtaka lilikuwa kumshambulia mtoto. Mtoto mwenyewe hakuletwa kortini. Walisema amepelekwa kwao Uingereza kupumzika. Tulivuka daraja kwenda kisiwani asubuhi na mapema, mama amevaa viatu vya kanisani. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza masomo ya ualimu, na Kiingereza nilikijua cha kutosha. Hakimu alikuwa Mzungu, mkalimani alikuwa mtu wa bara. Kaka aliulizwa alifanya nini alipomwona mtoto.

"Nikamrukia pale majini, nikamdaka," kaka akasema.

Ndivyo tunavyosema. Mkalimani alilichukua lile neno kumrukia akalipeleka kwa Kiingereza kama mtu anavyomrukia adui yake. Nikalisikia likibadilika. Nikasimama, nikasema kwa sauti kwamba hakusema hivyo. Askari akanishika bega, akaniambia nikae, na nisipokaa nitatolewa nje. Nikakaa. Hakimu alikuwa anaandika, hakuinua uso.

Kisha wakamwita sahibu. Alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa na kofia ya kiua. Aliulizwa aliona nini.

"Sikuona kitu," akasema. "Nilikuwa nimeinama, nakunja taulo."

Kaka hakumtazama. Mimi nilikuwa natazama viatu vya mkalimani. Vilikuwa vya rangi ya kahawia, kimoja kamba yake imekatika na kuungwa kwa uzi mweusi. Hicho ndicho ninachokikumbuka zaidi katika siku ile. Kaka alipewa kifungo cha mwaka mmoja. Tulirudi kwa miguu, na tulipofika mama akawasha moto akapika muhogo. Mimi nilimenya. Hakuna aliyelia. Nilidhani kilio kitakuja baadaye, kama vile homa hungoja siku mbili tatu, lakini hakikuja.

Mwaka ule nilianza kufundisha shule ya Kisauni. Nilikwenda, nikafundisha, nikarudi. Jirani zetu walibaki majirani zetu. Mwezi wa Ramadhani mama yake sahibu alituletea futari kama miaka yote, na mama alipokea sahani, akaiosha, akairudisha tupu. Kwetu sahani hairudi tupu. Yule mama aliipokea, akanishika mkono mimi niliyeipeleka.

"Mwanangu," akasema, "siku hizi hata kitwa sikiinui nikipita ndiani kwenu."

Nikamwamkia tena, "Shikamoo," ingawa nilikuwa nimeshamwamkia, naye akaitikia tena, "Marahaba," nikaondoka.

Kaka alitoka amekonda na amekuwa mtu wa maneno machache mno. Alipata kibarua Changamwe, akiondoka alfajiri na kurudi jioni. Akimpita sahibu barabarani walikuwa wakisalimiana. "Salama?" "Salama." Basi.

Wakati huo ofisi moja ya vitabu kutoka Nairobi ilitangaza kwa walimu kwamba inatafuta hadithi za Kiswahili za kusomwa na vijana. Nikaamua kuandika ya kaka. Sitasema nilikuwa na hasira, maana ningekuwa naipamba habari. Nilikuwa na jioni nyingi zisizo na kazi, na nilijua kisa kimoja tu. Nilikiandika kwa sauti yake, "mimi" akiwa yeye: mhudumu wa meza anayesimulia alivyoruka majini. Majina nilibadilisha. Nilimwuliza maswali akila, akanijibu neno moja moja, nami nikajaza mengine.

Hadithi ilikwisha upesi. Nilipoisoma tena niliona kwamba ni kweli yote na kwamba haina uzima. Kijana mwema, watu wabaya, gereza. Yule wa taulo alitokea katika kurasa mbili, akadanganya, akaondoka. Nikaiweka.

Alasiri moja sahibu aliniita kutoka barazani kwao. Alikuwa peke yake.

"Dada, nasikia unakiandika kisa chetu."

"Cha kaka," nikasema.

"Na mimi sikuwapo?"

"Kortini ulisema hukuona."

Kisha akaniambia nikae, nikakaa ukingoni.

"Wallahi niliona," akasema. "Niliona kabla yake yeye. Nilimwona yule mtoto akienda chini, na mimi nimeshika taulo. Mimi sijui kuogelea, dada. Muulize yeyote. Bahari iko pale na mimi hata kiunoni sifiki. Nikatazama, nikamwona yeye na trei yake upande wa pili wa ule mstari, nikampigia kelele, 'Sahibu! Mtoto!' Mimi ndiye niliyemwita avuke. Hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Hakusema hata kortini. Nilikaa pale nje chini ya dirisha nikingoja kuitwa, nasikia yote, nikajua akishasema tu kwamba nilimwita, basi na mimi nitasema kweli, sina njia nyingine. Akamaliza bila kulitaja. Na baba usiku wa kuamkia siku ile alikuwa ameniambia, 'Karatasi zetu ziko mezani kwa Bwana DC. Ukisimama na yule, wataandika kwamba sisi na wao ni kitu kimoja, na ndugu zako wadogo watatolewa shule.' Basi nikasema taulo."

Alieleza mengine mengi, jinsi meneja alivyomwita ofisini, jinsi alivyoitapika chai ya asubuhi ile kabla ya kuvuka daraja. Aliapa kila baada ya maneno mawili. Mimi nilimsikiliza, nikaaga, nikaenda nyumbani. Kaka aliporudi nilikuwa nachambua mchele.

"Ni kweli alikuita?"

Hakuuliza nani. "Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, wangemuuliza kwa nini alimwita Mwafrika aingie majini. Angepoteza kazi na ile karatasi." Akavua shati. "Nilijua yeye mwenyewe atasema."

Niliendelea kuchambua mchele. Kila mmoja wao alikuwa amemngojea mwenzake aseme. Nililijua jambo hilo kama ninavyojua kwamba Likoni iko ng'ambo ya kivuko, bila kulihisi mahali popote mwilini.

Nikaanza hadithi upya. Sura ya kwanza kaka, sura ya pili sahibu, ya tatu kaka, hivyo hivyo hadi mwisho, kila mmoja akisema "mimi", na siku ile ya bwawa ikisimuliwa mara mbili. Sikuwa nimepata kusoma kitabu cha namna hiyo kwa Kiswahili na sikujua kama inaruhusiwa. Kazi ilinifundisha mambo ambayo sikuwa nimeyapanga. Sura za kaka zilitoka fupi, nyingine ukurasa mmoja, kwa sababu ndivyo alivyosema. Sura za sahibu zilirefuka, zikajaa viapo na maelezo. Mwenye kosa alikuwa na mengi ya kusema kuliko aliyekosewa. Nilijaribu kumrefusha kaka ili wawe sawa, na kila nilipomrefusha alianza kusema kama mimi, mwalimu. Nikamrudisha kwenye ufupi wake. Ule ukelele wa "Sahibu! Mtoto!" sikuuweka katika sura ya kaka, kwa kuwa yeye hakuutaja kwa mtu. Niliuacha kwa sahibu, tena mbali, baada ya kifungo, pale anapokuja kuusema mwenyewe.

Darasani kwangu nilikuwa na watoto wakubwa wakubwa, wa Frere Town na wa Kisauni, Wakristo na Waislamu, na wachache ambao baba zao walitoka bara kufanya kazi bandarini. Kipindi cha mwisho cha Ijumaa nikawa nawasomea, sura moja ya huyu na moja ya yule. Mwanzoni ilikuwa kama mpira. Watoto wa Frere Town walishangilia kaka akianza kusema. Sahibu akianza, mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, za huyu ziruke." Watoto wa Kisauni waliinamia madawati.

"Nikiziruka hutajua kilichotokea," nikamwambia.

"Nimeshajua. Huyu ni msaliti."

Tulipofika pale kwenye ukelele hakuna aliyeshangilia. Nilifunga daftari, nikangoja. Yule wa nyuma akauliza, "Kwa hiyo bila yeye yule mtoto angekufa?"

"Ndiyo."

"Na bila yeye yule mhudumu asingefungwa."

"Ndiyo."

Akatazama dirishani. Msichana mmoja mdogo, mtulivu, ambaye hakuwa na desturi ya kuuliza, akainua mkono. "Mwalimu, na yule mtoto wa Kizungu mbona hasemi? Yeye ndiye aliyekuwa majini. Anajua alishikwa vipi."

Nilimwambia kwamba simjui, na kwamba sijui angesema nini. Aliitikia kwa kichwa kama aliyeridhika. Mimi nilikwenda nyumbani na swali lile. Usiku na mchana nililizungusha, nikajaribu hata kuandika kurasa chache, "mimi" akiwa yule mtoto wa Kizungu. Kila sentensi ilikuwa yangu. Nikazichoma jikoni.

Mzungu wa ofisi ya vitabu alikuja Mombasa kuzungumza na walimu, na baada ya mkutano akaniita kando. Alikuwa ameisoma hadithi niliyowapelekea. Alikuwa mtu wa adabu, Kiswahili chake kilikuwa kizuri.

"Kitabu cha vijana kinahitaji mtu mmoja wa kumfuata," akaniambia. "Hapa msomaji anashika mkono wa huyu, unamnyang'anya, unampa wa yule. Mwema ni nani?"

"Waliokuwapo ni hao wawili," nikasema.

"Na hii klabu ya Wazungu ina lazima gani? Isiwe hoteli tu?"

Nikamwambia bila mstari wa matofali hakuna hadithi. Akanirudishia.

Baada ya hapo mambo ya siasa yakapanda. Watu wa pwani waligawanyika juu ya Mwambao: wako waliotaka pwani isimame peke yake Mwingereza akiondoka, na wako waliotaka tuwe Kenya moja. Nyumba ya jirani ilikuwa upande ule, yetu upande huu. Karatasi zao za Uarabu zilikuwa zimetoka hatimaye, wakati ambapo watu walianza kuona aibu kuzionyesha. Usiku mtu aliwachorea matusi ukutani kwa makaa. Mama yangu alitoka asubuhi na ndoo akaupaka ule ukuta chokaa, bila kuzungumza na mtu, akarudi ndani.

Ofisi ile ya vitabu ilipata msimamizi mpya, Mwafrika, nami nikampelekea hadithi ile tena. Akaniandikia kwamba hadithi ni nzuri sana na wakati wake umefika, ila sura za yule Mwarabu zitolewe, zinampunguzia shujaa nguvu. Nilimpa kaka barua, na nikampa daftari zote, kwa kuwa alikuwa hajazisoma. Alisoma Jumapili nzima akiwa amekaa kwenye kigogo nyuma ya nyumba. Alizisoma za sahibu kwanza.

"Umempa maneno mengi," akasema.

"Ni yake."

"Na mimi?"

"Wewe ulinyamaza."

Akafikiri. "Kweli." Akageuza ukurasa, akarudi nyuma. "Alitapika chai. Sikujua hilo." Kisha akasema, "Usizitoe."

Nikamjibu msimamizi kwamba sizitoi.

Miezi michache kabla ya Uhuru, jirani zetu waliamua kuhamia Lamu kwa jamaa za mama. Asubuhi ya kuondoka lori lilikuja, wakawa wanatoa vitu. Kulikuwa na kabati kubwa la mvule, baba yetu ndiye aliyelitengeneza miaka ya nyuma, na halikupita mlangoni. Kaka alikuwa anatoka kwenda kazini. Alisimama, akaweka chakula chake juu ya ukuta, akaingia.

"Lilaze ubavu," nikamsikia akisema.

"Bismillahi," sahibu akasema. "Vuta upande wako."

Walilitoa, wakalipandisha. Halafu wakasimama wakifuta jasho. Sahibu akasema, "Dada amenisomea yale ya kwako." Nilikuwa nimemsomea, ni kweli, barazani kwao, wiki iliyotangulia.

"Na mimi nimesoma yako," kaka akasema.

"Haya."

"Haya, sahibu. Mfike salama."

Kaka akachukua chakula chake akaenda kupanda basi la Changamwe. Nilikuwa mlangoni. Nilidhani sasa kitu kitanipata kifuani, nikakingoja hata lori lilipokwisha pinda kona. Kisha nikaenda shule.

Usiku wa Uhuru tulisikiliza redio kwa mwalimu mwenzangu. Watu walipiga vigelegele, na mimi nikapiga. Kitabu kilitoka baadaye, hakikutolewa na ofisi ile bali na kiwanda kidogo cha kupiga chapa kisiwani, ambacho mwenyewe alisema yeye hajali ni nani anayesema mradi karatasi isipotee bure. Sauti zote mbili zilikuwamo. Nilileta nakala chache nyumbani. Kaka alichukua moja, akaifungua katikati, akanusa wino, akaipeleka chumbani kwake. Hatukulizungumza tena.

Mama hakujua kusoma. Siku moja mchana, akichambua maharage, aliniambia nilete kile kitabu nimsomee mwanawe alisema nini. Nikamsomea sura za kaka peke yake, nikiruka zile nyingine, nikidhani ndivyo anavyotaka. Zilikwisha upesi.

"Ndiyo yote?" akauliza.

"Ya kaka ndiyo yote."

"Sasa nisomee za yule mwingine."

Nikazisoma, ndefu kama zilivyo, na viapo vyake vyote. Alisikiliza bila kuacha kuchambua. Nilipofika mwisho alikusanya mapepe kwenye ungo wake, akasema, "Haya," akaenda kutazama moto.